Filimbi Iliyonyamaza Mlangoni kwa Baba Holo

Nakumbuka asubuhi niliyopita nyumbani kwa Baba Holo nikiwa na filimbi mdomoni, nikaacha kuipuliza. Mwanangu, nina hasira ninapoandika haya na sitaki kuificha. Nina hasira nanyi vijana wa kijiji chetu, wewe ukiwemo, kwa mlichomfanyia Shija wiki iliyopita. Lakini nitaanza na kosa langu, kwa kuwa ni lilelile, na nisipolisema kwanza utaniona mzee anayefoka kwa sababu magoti yanamuuma. Yanauma kweli, ila leo sifoki kwa ajili yake.

Kijiji chetu unakijua, hiki cha njia ya kwenda Songwa, nyumba moja hapa, nyingine kule ng'ambo ya mashamba ya pamba. Wakati huo hakukuwa na simu. Mtu akifa, kijana mmoja alipewa filimbi apite nyumba kwa nyumba. Ukifika mlangoni unapuliza mara tatu, unamtaja marehemu, na mwenye nyumba anatoka na jembe au sururu kwenda kuchimba kaburi. Aliyeitwa asitokee alitozwa mbuzi. Kwa kosa la kutomwita mtu hatukuwa na adhabu wala jina, maana halikuwahi kutokea.

Kijana wa filimbi nilikuwa mimi. Nilikuwa na miaka ishirini hivi, na nyumbani kwetu nilikuwa ndiye baba. Wazazi walifariki nikiwa darasa la tano, nikaacha shule kulea wadogo zangu wanne. Kwa hiyo nilijiona mtu mzima kuliko wenzangu, mtu anayejua uchungu wa wengine. Kumbe nilikuwa sijui kitu.

Baba Holo alikuwa jirani yetu, askari aliyerudi kutoka Vita vya Kagera bila mguu wa kulia. Alikanyaga bomu lililofukiwa ardhini. Siku aliyorudi tulimpokea barabarani kwa ngoma, tukachinja ng'ombe, tukambeba mabegani mpaka uani kwake. Tulicheza siku mbili. Siku ya tatu kila mtu alirudi shambani kwake, na Baba Holo akabaki na magongo yake na choo cha shimo ambacho hakuweza kuchuchumaa juu yake. Mguu mmoja, mwanangu. Hebu jaribu leo ukifika chooni. Sote tulioimba hatukufikiria hilo, wala hakuna aliyemuuliza.

Aliyeuliza alikuwa mkulima mmoja, Masanja, mtu wa maneno makali na mikono mizuri. Alikwenda na msumeno, akamtengenezea kiti cha mbao cha kuweka juu ya shimo, huku akimtania, "Umepigana vita nzima, leo unashindwa na choo?" Baba Holo alicheka mpaka akadondosha gongo. Toka siku hiyo wakawa marafiki wa kutembeleana kila jioni.

Kisha Masanja akaugua homa, siku tatu tu, akafa.

Nilipewa filimbi alfajiri, pale pale uani kwa Masanja. Mwenzangu Nkwabi akanishika bega, akasema, "Kwa Baba Holo usipulize. Yule ameshaitumikia nchi, mwache apumzike." Wengine wakaitikia. Nami nikaona ni neno la adabu. Nilipuliza kwa jirani yake wa chini, nikaishusha filimbi, nikapita kwenye nyasi pembeni ya njia ili asisikie hata hatua zangu, kisha nikapuliza tena kwa jirani wa juu. Nilijisikia vizuri moyoni. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo, kwamba nilijisikia vizuri.

Mke wa Baba Holo na watoto walikuwa wamekwenda Nyahanga kwa wakwe, kwa hiyo alikuwa peke yake. Alisikia filimbi ikija. Akavaa shati, akavaa kiatu chake kimoja, akasimama mlangoni akisubiri jina la marehemu. Filimbi ikanyamaza. Halafu akaisikia mbele, imeshampita. Haya yote alitusimulia baadaye. Wakati ule sisi tulikuwa tunachimba.

Alikuja mchana, baada ya mama mmoja aliyetoka kisimani kumwambia nani amekufa. Tulikuwa tumeshamzika Masanja. Katekista alikuwa amemaliza sala, watu wananawa mikono. Tukamwona anakuja na magongo yake katikati ya pamba, jasho limelowesha shati lote. Hakumsalimu mtu. Alikwenda mpaka kwenye tuta la kaburi, akainama kwa shida, akachukua udongo akautupa juu ya udongo. Kisha akageuka.

"Nani alipiga filimbi upande wangu?"

"Ni mimi, Baba Holo. Shikamoo."

"Shikamoo yako iweke. Kwa nini hukufika kwangu?"

"Tulikuonea huruma, baba. Tulisema upumzike."

"Mlisemea wapi? Mimi nilikuwepo?"

Nkwabi akataka kuniokoa kwa mzaha, akasema, "Sasa Baba Holo, ungechimba kwa mguu gani?"

"Kumbe siku hizi mnachimba kwa miguu? Ndiyo maana kaburi limekwenda upande, Nkwabi."

Watu wakacheka kidogo, kisha wakaacha wenyewe, kwa sababu yeye alikuwa halii wala hacheki. Akanisogelea.

"Limbu, wazazi wako walipokufa, watu wa hapa walikufanyia nini?"

"Walituletea unga, baba."

"Na zamu ya kulima ilipofika kwenu?"

Mwanangu, swali hilo lilinipiga mahali ambapo nilidhani hakuna anayepajua. Vijana walilima kwa zamu kama mlimavyo ninyi, leo kwako kesho kwangu. Mwaka ule wazazi walipokufa zamu iliruka nyumba yetu. Walisema watoto hawa watalipa kwa mikono gani, waacheni. Akina mama walipita wakitushika vichwa, wakiacha bakuli la unga mlangoni, wakiondoka wakinong'ona. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Nilikula ule unga na niliuchukia. Mpaka asubuhi moja Masanja alisimama uani kwetu na kusema kwa sauti ya kuamsha mtaa mzima, "Wewe Limbu, unalala mpaka saa hizi? Leo ni zamu ya kwangu. Njoo na jembe lako." Nilimwambia mpini umekatika. Akasema, "Basi njoo nalo hivyo hivyo, na wewe ni mfupi." Nililima siku ile kama mwendawazimu. Wiki iliyofuata kundi zima lilikuwa kwenye shamba letu.

"Masanja alikuita na jembe lililokatika," Baba Holo akasema. "Na leo, siku ya kumzika yeye, ukanipita mimi."

Aliketi chini kando ya kaburi, akakaa hapo mpaka sote tukaondoka.

Kesho yake nilikwenda kwake kuomba radhi. Nilipiga magoti, nikamwuliza nifanye nini. Aliendelea kuchonga mpini, kisha akasema, "Masanja huwezi kumfufua nimzike upya. Kwa hiyo hilo litabaki hivyo. Ila filimbi, toka leo, uianzie kwangu."

Niliianzia kwake miaka yote mpaka alipofariki. Usifikiri kila mara alikuja akafanya maajabu. Kuna siku alikuja akakaa juu ya tuta la udongo tukawa tunamzunguka na koleo, anatukera. Kuna siku alitoka mlangoni akasema, "Leo mguu huu uliokatwa unauma, nendeni." Nasi tulikwenda. Lakini alisema yeye, kwa mdomo wake.

Sasa nije kwenu.

Shija mnamjua, mmecheza naye mpira. Alikwenda na jeshi kulinda amani nchi jirani, mlipuko ukachukua macho yake yote mawili. Ana miaka thelathini na moja. Sikukuu ya Uhuru iliyopita mlimkalisha mbele kwenye kiti cha plastiki, mkampa bendera ashike, mkapiga naye picha mmoja baada ya mwingine. Kisha mvua ikanyesha mkakimbia. Mkewe ndiye aliyemkuta uwanjani amelowa, bendera bado mkononi. Je, kuna picha ya hilo mliyoituma kwenye simu zenu?

Na wiki iliyopita alipokufa bibi Kwandu, ambaye alimlea Shija mamaye alipokuwa mgonjwa, mlipita na pikipiki na filimbi mkiita watu. Nilikwenda kwa Shija siku ya pili nikamwuliza kwa nini sikumwona mazishini. Akanijibu, "Mzee Limbu, walizima pikipiki pale kwenye mkwaju. Nilisikia matairi kwenye mchanga, wanaisukuma taratibu. Mmoja akasema, 'Shh.' Walipopita wakaiwasha tena. Nilikuwa nimeshavaa viatu."

Alikuwa ameshavaa viatu! Miaka zaidi ya arobaini, mwanangu, na nilisikia maneno yale yale.

Mlizima pikipiki. Ninyi mnaotoka Rwamgasa kwenye machimbo ya dhahabu mmewasha muziki tangu barabara kuu, mnaotuamsha sote, mkafika kwa Shija mkapata adabu. Nikawauliza, mmoja wenu akaniambia, "Babu, tulimheshimu, haoni yule." Haoni, ndiyo. Nani alikwambia kaburi linasomwa? Mkono wa kushika koleo upo. Bega la kubeba jeneza lipo, na tena lilizoea mizigo mizito kuliko lako. Na hata kama vyote hivyo visingekuwepo, bibi Kwandu alikuwa bibi yake.

Amemwambia mkewe kwamba pamba ikishavunwa wanahama, waende mjini ambako hakuna anayemjua. Alisema ni afadhali apitwe na watu wasiomjua. Mkewe aliniambia huku analia, nami nikashindwa kumwambia asiende.

Pamba bado iko shambani. Basi sikiliza ninachotaka ufanye, na usingoje kikao.

Nenda kwa Shija leo, mchana, na pikipiki ikiwa inaunguruma mpaka uani. Mwambie ulichofanya, bila kusema "tulidhani." Muulize anachohitaji kisha nyamaza ujibiwe. Huenda akataka kamba ya kumwongoza mpaka chooni na kisimani. Huenda akataka mtu wa kwenda naye hospitali ya Mwanza na kumsomea makaratasi yake ya jeshi kwenye dirisha la mapokezi, maana mkewe amekwenda mara nyingi peke yake na mtoto mgongoni. Huenda akakufukuza. Ukifukuzwa, rudi kesho. Zamu ya kulima ikifika, mlime kwake, na ya kwako ikifika umwite aje, umpe mstari wake ulio sawa na wa wengine, na akikata mche wa pamba umtukane kama unavyomtukana mwenzako yeyote. Sikukuu ikija, kama anataka kukaa mbele akae, kama anataka kukaa nyuma na wewe mnywe soda, mpe nafasi. Na mkimpeleka uwanjani, mrudisheni nyumbani.

Na filimbi ikilia tena, kwa maana italia, ianzie mlangoni kwake. Atoke au asitoke, aamue mwenyewe.

Mimi sitaishi muda mrefu. Siku yenu ya kunichimbia inakaribia, na ninasema mbele ya Mungu, kama Shija hatakuwepo pale kwa sababu mlizima pikipiki, msinizike. Niacheni uani mpaka mumlete.

Mwenyezi Mungu akuweke salama, mwanangu, akupe mvua kwa wakati wake na watoto watakaokuita kwa sauti hata ukiwa huna nguvu ya kuitika. Akulindie mikono, macho na miguu yako yote miwili. Na kama siku moja atakuacha upoteze kimojawapo, akujalie majirani wanaopiga kelele mlangoni kwako.