Siku Tisa Bila Ubani

Bibi yangu alipenda kusema kwamba pumu nilizaliwa nayo. Ndiye aliyenilea, mama wa mama yangu, katika nyumba ya ghorofa karibu na Mlandege, maana mama alikufa kwa pumu hiyohiyo nilipokuwa na miaka sita. Tangu hapo nikafungiwa ndani kama kuku anayeatamia. Umande ulikuwa adui, upepo wa baharini adui, na kulala nje ya kuta nne ndiyo mauti yenyewe. Mganga alikwisha kusema: pepo aliyenikalia kifuani hataki nitoke, na kinachomtuliza ni ubani. Basi kila magharibi madirisha yalifungwa, makaa yakatiwa kwenye chetezo, nami nikafukizwa mpaka machozi yakanitoka. Nikibanwa, bibi aliongeza ubani. Nikizidi kubanwa, alinifunika shuka pamoja na chetezo chenyewe. Akiulizwa, alijibu kwamba dawa ya moto ni moto.

Nilipotimiza miaka kumi na mitatu, karafuu za shamba letu dogo, lililokuwa njia ya Chwaka, zilizaa mpaka matawi yakainama, na wachumaji hawakupatikana. Waliokuwa wakituchumia zamani kwa amri sasa walikuwa watu huru, na wengi wao hawakutaka hata kuliona shamba lile. Mimi siwalaumu. Bibi aliwalaumu kwa wiki nzima, kisha akaona kulaumu hakuangushi karafuu. Shambani hapakuwa na nyumba. Akaamua tukapige kambi wenyewe kwenye banda la makuti mpaka mavuno yaishe, tusaidiane na wanawake wanne wa pale kijijini ambao wangechukua sehemu yao.

Kuniacha mjini hakukuwezekana, kwani hakuwa na mtu wa kuniacha naye. Alifunga mizigo siku mbili huku akilia, na nilimsikia akimwambia jirani kwamba ananipeleka kuzikwa. Hayo niliyasikia kwa masikio yangu, na mimi ndiye niliyekuwa nikisuuza vikombe vya safari.

Mkoba wa ubani na udi aliuweka barazani, mbele kabisa, ili asije akausahau. Akausahau. Tulikwisha kufika nusu ya njia, sisi juu ya punda wa kukodi na mwenye punda akitembea mbele, bibi alipojipapasa na kupiga kite. Mbingu ilikuwa nyeusi, na karafuu zilizoiva hazimngoji mtu. Mwenye punda akaapa kwamba angerudi nao kesho yake. Bibi alikubali kwa kuwa hakuwa na jingine la kufanya. Njia yote iliyobaki alinishika mkono kwa nguvu, na kila nilipokohoa vumbi la njiani alisoma dua.

Nilitandikiwa kitanda cha kamba ndani ya banda. Upepo ulikuwa ukipita baina ya makuti kama uko kwao. Nililala nikijua kwamba sitaamka, na nilisikitika zaidi kwa sababu nilikuwa sijaonja embe za shamba hilo.

Nikaamka. Nilikaa kitandani nikingoja kifua kianze kupiga mluzi wake wa kila asubuhi. Hakikupiga. Nikavuta pumzi kidogokidogo, kwa woga, kama mtu anayeonja uji wa moto. Ikaingia yote. Nikavuta nyingine. Niliogopa kuliko siku yoyote niliyobanwa, kwa sababu kubanwa nilikuzoea, na hili sikulijua ni kitu gani.

Mwenye punda hakuja kesho yake, wala kesho kutwa. Bibi alikuwa akikaa njiani asubuhi na jioni akimtazamia, na akirudi alinikuta nimefanya jambo jipya la kumshitua. Siku ya tatu nilikuwa nikichambua karafuu na wale wanawake huku nikiimba, mimi ambaye sikuwahi kumaliza ubeti mmoja bila kukohoa. Siku ya tano mvua ilitishia, nikakimbia na jamvi kichwani kutoka mwisho wa shamba hadi bandani. Kukimbia. Bibi aliponiona aliangusha ungo. Mmoja wa wale wanawake akamtania kwamba huyu mgonjwa wake kama anauzwa, yeye atamnunua. Bibi hakucheka. Alisema ugonjwa umejificha, unanivizia.

Siku ya kumi, alasiri, mwenye punda akatokea na mkoba wetu. Punda wake alikuwa ameumia mguu, alieleza, lakini bibi hakuwa na muda wa kusikiliza. Alinishika mkono akaniingiza bandani, akateremsha shuka mlangoni, akatia makaa kwenye chetezo na kunikalisha mbele yake. Nilikaa bila ubishi. Siku zote tisa nilidhani ninaishi kwa mkopo, na sasa dawa imefika.

Sijui kama nilimaliza pumzi kumi. Kifua kilifunga. Mluzi ulirudi, mabega yakapanda, kucha zikaanza kugeuka rangi. Bibi akasema "nlijua, nlijua," akatia ubani zaidi. Nilimwona kupitia moshi, uso wake umejaa mapenzi na hofu, mkono wake ukienda mkobani na kurudi. Hapo ndipo nilipoelewa, na nilishituka kana kwamba nimemwagiwa maji ya kisima. Niligeuka nikapasua ukuta wa makuti kwa mikono, nikatambaa nje, nikalala kifudifudi kwenye majani mpaka pumzi ikarudi yenyewe.

Bibi alikuja kuchutama karibu yangu, chetezo bado kiko mkononi.

"Ni moshi, bibi," nilimwambia. "Si upepo. Ni huo moshi."

Alikitazama chetezo. Nilitazamia anigombeze, aniambie nimeingiwa na pepo. Badala yake akakimimina kile chetezo chini, akayakanyaga makaa kwa kiatu chake cha mti.

"Mamako nlimfukiza siku tatu," alisema.

Siku ile mama alipofariki, majirani walimfariji bibi kwa msemo wa kale, kwamba la kuvunda halina ubani. Mimi niliusikia nikiwa mlangoni, na niliukumbuka vizuri kwa sababu ya hilo neno ubani. Sasa, nikiwa nimelala kwenye majani, nilikumbuka na mengine. Nilimkumbuka mama kitandani, ameegemea mito. Nilikumbuka madirisha yaliyofungwa. Nilijikumbuka mimi, nimekaa chini kando ya chetezo na kibakuli mapajani, kwa kuwa bibi alikuwa amemshika mama mabega na alihitaji mtu wa kutia ubani. Nilikuwa natia chembe mojamoja. Nilisifiwa kwa mkono wangu mwepesi, na nilifurahi, nikawa natia zaidi.

Niliinua mikono yangu nikaitazama, yote miwili, na bibi akaniona nikiitazama.

Akaishika, akaifumbata ndani ya yake, akaiminya mpaka ikauma.

"Alokuwa akitia ubani ni mie," alisema. "Mie peke yangu. Wewe hukuwemo chumbani. Ulikuwa kwa jirani."

Nilimtazama usoni. Bibi yangu hakuwa mwongo, na hakujua kusema uongo vizuri. Alikuwa akiningoja nijibu.

"Naam, bibi," nilimjibu. "Sikuwemo."

Akatikisa kichwa kukubali, akajifuta uso kwa ncha ya mtandio, akaniambia ninyanyuke twende tukaanue karafuu, maana mvua ilikuwa inakuja.