Injini Ikiwa Chini

Harufu ya mafuta ya taa yaliyooshewa vyuma hunifikia hata leo nikipita gereji yoyote ya kando ya barabara, na kabla sijaiona gereji yenyewe huwa nimekwisharudi Komarock, mashariki mwa Nairobi, likizo ya Agosti, nikiwa msichana wa darasa la tano. Asubuhi za mwezi ule zilikuwa za kijivu, zenye baridi ya kuuma masikio. Kando ya Barabara ya Kangundo mafundi waliota moto wa vipande vya mbao huku redio ikikoroma juu ya boneti la gari bovu. Gereji ya Fundi Mutiso haikuwa na ukuta wala lango. Ilikuwa uwanja wa udongo mweusi ulioloa oili, kibanda cha mabati, na vyuma vitatu virefu vilivyoegemezwa pamoja juu ili vibebe cheni. Kwenye cheni hiyo injini ya gari letu ilikuwa imening'inia ikidondosha mafuta, na gari lenyewe limesimama chini yake, mdomo wazi, tumbo tupu. Mama aliitazama ile injini kama mzazi anayemwona mwanawe amebebwa na mtu asiyemjua.

Gari lile la stesheni wagoni ndilo lililotulisha. Mama alichukua mayai kwa wafugaji wa Tala na kuyauza kwa maduka na vibanda vya chipsi, Komarock hadi Kayole. Baba alifanya kazi reli na alikuwa amehamishiwa Kisumu, kwa hiyo shida za gari zilikuwa za mama peke yake, na mama aliamini kwamba mwanamke akiingia gereji bila mwanamume huonekana kama kuku aliyejipeleka jikoni. Hakuamini hivyo bure. Kabla ya hapo aliwahi kupeleka gari kwa fundi mwingine kutengenezewa taa, likarudi na betri isiyo yake, kuukuu, iliyofutwa vumbi ing'ae. Mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Tangu siku hiyo alinusa oili kabla haijamiminwa, akakwaruza spea mpya kwa ukucha, na hakumwachia fundi ufunguo bila kumkazia macho. Injini ilipoanza kutoa moshi wa buluu ikabidi ishushwe, na mama akaona afadhali ashushwe yeye.

Kwa kuwa shule zilikuwa zimefungwa, alinipa kazi. "Nekesa, wewe kaa hapa," aliniambia mbele ya Mutiso, bila kuficha. "Ukiona kitu kimetoka kwa gari yetu kikaingia kwa gari ingine, unakuja kuniita mbio." Kisha akaondoka na mkokoteni wa kukodi kusambaza mayai. Nilikaa juu ya tairi nikimchunga mtu mzima kama mbuzi. Mutiso alikuwa mwanamume mnene, mpole wa sauti, mwenye mazoea ya kufuta kila spana kabla ya kuirudisha mahali pake. Hakunisemesha sana. Mimi nilitafsiri ukimya wake kuwa hila, na kila alipoinama ndani ya lile tumbo tupu la gari niliinama naye upande wa pili, nikiangalia mikono yake.

Jioni moja, wiki ikiisha, mama aliporudi, Mutiso alimwita karibu. Alisema ringi za pistoni alizoletewa zitazuia moshi, lakini kuna mambo mengine ya kufanya kabla ya kuirudisha injini: sili ya nyuma inayozuia mafuta kuvuja, mipira inayoshikilia injini, sahani ya klachi, mipira ya maji, na kuoshwa kwa sehemu yote ambayo mkono haufiki siku nyingine. "Mama Nekesa, injini ikiwa chini ndio wakati wa kuona," alisema. "Ikisharudi, kufikia hapo nyuma ni kuishusha tena. Kinga ni bora kuliko tiba."

"Kinga ya nani?" mama alimjibu. "Nilikuja na ugonjwa moja, sasa unaniambia niko na magonjwa tano."

Mutiso aliingiza mkono nyuma kabisa, akamwonyesha mpira mweusi unaopeleka petroli kwenye injini. Ulikuwa umelika ubavuni, nyuzi zake za ndani zikionekana. "Huyu ni panya," alisema. "Huu lazima utoke. Petroli ikidondokea ekzosi yenye moto, gari inaungua na watu ndani." Mama aliushika, akaugeuzageuza. Niliona uso wake ukikunjamana. Kwa wiki nzima gari lilikuwa limelala gerejini, na sasa mpira uliokuwa mzima ulikuwa na jeraha. Aliniuliza kwa Lubukusu, lugha yetu ya nyumbani, kama nilikuwa nimemwacha fundi peke yake. Nilimwambia ukweli: saa ya chakula nilikuwa nikienda nyumbani. Hilo lilimtosha.

Asubuhi iliyofuata alikuja na kijana wa gereji ya Kayole aliyeitwa Spana, mwenye miwani ya jua wakati jua halikuwapo. Spana aliutazama ule mpira kidogo tu, akacheka. "Mathe, hii si panya. Hii ni kisu. Umechezwa." Mutiso alikuwa amesimama hapo hapo, kitambaa mkononi. Alisema neno moja, "Haya," akaanza kukusanya boliti zetu moja baada ya nyingine ndani ya kopo, akazikabidhi kwa mama bila kumtazama. Gari likavutwa hadi Kayole, injini ikifuata nyuma kwenye mkokoteni kama maiti isiyo na jeneza. Spana hakuona haja ya kubadilisha kitu wala kuosha kitu. Alitia ringi, akakata kipande kibovu cha mpira, akaunga palipobaki kwa vibano na utepe mweusi, na kabla ya Jumapili gari lilikuwa likinguruma. Mama aliimba njia nzima kwenda kanisani.

Shule zilikuwa karibu kufunguliwa nilipofuatana naye Tala kuchukua mayai. Tukirudi, baada ya Kamulu, nilisikia harufu ya petroli. Nilimwambia mama, akasema ni lori lililokuwa mbele. Lori likakata kona, harufu ikabaki. Kisha moshi ukachomoza kwenye kingo za boneti, mweusi, na nikasikia sauti kama ya nguo inayopasuliwa. Mama alisimamisha gari nusu mtaroni, akanivuta kwa mkono mmoja kupitia mlango wake, na tukakimbia mbali bila kugeuka nyuma. Watu waliokuwa wakichimba mchanga hapo karibu walikuja na sepetu, wakaufunika moto kwa udongo mpaka ukazimika. Nyuma ya gari mayai yalikuwa mazima yote. Mama aliyatazama, akakaa chini kwenye nyasi. Alinishika kisigino changu, akakishikilia muda mrefu.

Gari halikwenda Kayole tena. Lilivutwa moja kwa moja hadi kwa Mutiso, na mama akashuka mbele yake akiwa na udongo hadi kwenye kilemba. Nilitarajia fundi acheke. Alifungua boneti, akatikisa kichwa, akasema: "Nitaifanya. Lakini sishiki spana kabla hujakaa hapa wewe mwenyewe. Si mtoto. Wewe. Sasa ni mimi nisiyekuamini."

Mama akakaa. Mayai yakasambazwa na jirani, na yeye akawa anakuja asubuhi na themosi ya chai, anakaa kwenye kigoda mpaka jioni. Injini iliposhushwa tena, Mutiso aliuvuta mbali ule mkeka mnene unaozuia joto, uliobandikwa kwenye ukuta wa chuma nyuma ya injini. Palikuwa na kiota. Kilikuwa kimefumwa kwa karatasi ya kijivu iliyotafunwa laini, na hakuna aliyehitaji kuelezwa ilitoka wapi: ilikuwa karatasi ya trei za mayai, trei zetu. Kikulacho ki nguoni mwako. Panya walikuwa wamesafiri na sisi Tala na kurudi muda wote ule. Mama alitazama kiota, akatazama mikono yake. Sikumsikia akiomba radhi, si siku hiyo wala baadaye. Alisema tu, "Vile vitu ulikuwa unasema tubadilishe. Nionyeshe."

Akaonyeshwa kimoja kimoja, akavishika vya zamani na vipya. Bado alivikwaruza kwa ukucha. Vya zamani alivibeba nyumbani ndani ya gunia. Naye Mutiso, kila jioni alipofunika injini kwa turubai, alimtaka mama afunge kamba kwa fundo lake mwenyewe, ili asubuhi alifungue mwenyewe na asiwe na neno. Gari lilirudi barabarani na likanisomesha hadi kidato cha nne. Hawakuwa marafiki. Mtu akimuuliza mama kuhusu fundi, alisema, "Nenda kwa Mutiso. Lakini kaa hapo hapo."

Sasa naishi Tassia, mama amerudi Bungoma, na nina gari langu dogo. Mwezi uliopita lilihitaji kushushwa injini. Gereji niliyolipeleka ina sakafu ya vigae, chumba cha kungojea chenye televisheni, na mlango ulioandikwa kwamba wateja hawaruhusiwi kuingia. Msichana mwenye sauti nzuri alinipigia simu, akasema kwa kuwa injini imetolewa wanapendekeza wabadilishe hiki na kile, akanitumia picha. Niliitazama picha ile: kipande cha mpira mweusi juu ya meza nyeupe. Ungeweza kuwa wangu, ungeweza kuwa wa mtu mwingine yeyote Nairobi. Mama angekwenda pale akapiga kelele mpaka mlango ufunguliwe. Angekosea, pengine, na kosa lake lingekuwa na mtu wa kulipokea usoni. Mimi sikuwa na wa kumtazama. Nilijibu, "Sawa, endeleeni," na gari likarudi likiwa limeoshwa, linang'aa. Linakwenda vizuri sana. Kila asubuhi, kabla ya kuliwasha, nashusha kioo nanusa.