Nafasi Alizozifuta Bimdogo

Saa tatu asubuhi, ghorofa ya tatu ya jengo moja la barabara ya Yide Lu, Guangzhou, China, Bimdogo anabonyeza kitufe cha nafasi mara kumi na moja, anatazama kioo, anafuta mbili. Anasonya.

"Dada Bimdogo, lebo zangu za ndala vipi? Kontena linafungwa leo," anauliza Murshid, mfanyabiashara wa Kariakoo, akiwa mlangoni.

"Ziko tayari kaka, chukua hapo." Hata kichwa hainui.

Bimdogo, 51, Mzanzibari, hutengeneza lebo za bidhaa kwa yuan thelathini kila moja. Kazi aliianza Mkunazini mwaka 1994, akichapa kadi za harusi kwenye kompyuta isiyojua picha ni kitu gani. Basi picha akazichora kwa herufi: M kwa weusi, nukta kwa kivuli chepesi, nafasi tupu kwa weupe. Maua, mikufu, hata maharusi wenyewe. Watu walikuwa wakija dukani kushangaa tu.

Siku moja alimkalisha amchore mama yake, Bi Kauthar, ambaye kamera hakuitaka hata kuiona. "Kwa herufi, sawa," mama alicheka. "Hayo ni maandishi, si mimi." Mwaka uliofuata akafariki, akamwacha mdogo wake Bimdogo, Ilham, wa miezi minane. Picha pekee ya mama ikabaki ndani ya disketi.

Machi iliyopita, fundi mmoja wa hapa Guangzhou aliifungua. Faili likatoka zima, disketi ikafa papo hapo. Bimdogo alilia kwa furaha, akaliweka faili pamoja na lebo za wateja.

"Hapo ndipo nilipojimaliza," anasema.

Maana wateja humtumia maandishi yenye nafasi ovyo ovyo, na kila jioni huiamuru kompyuta ifute zilizozidi, mafaili yote kwa mpigo. Jioni ile alifanya vilevile, mkono umezoea. Herufi zilibaki zote. Lakini mashavu, weupe wa macho, mwanya wa mama, vyote vilikuwa nafasi tupu. Jamani! Uso ukawa rundo la herufi zilizobanana upande mmoja.

"Nimemtunza miaka thelathini, nikamfuta kwa kidole changu mwenyewe. Sijisamehe."

Sasa anazirudisha nafasi zile kwa kumbukumbu, moja moja. Amemaliza mistari kumi na minne kati ya ishirini na minne. Huko Unguja, Ilham anaisubiri picha. Sura ya mama yake haijui kabisa.

"Nikikosea, hatajua. Hilo ndilo linaloniumiza."

Idi ijayo atampelekea mwenyewe, na hakusudii kumficha. "Nitamwambia, mdogo wangu, macho haya nina hakika nayo. Mdomo nimekisia."