Makopo ya Doña Targelia

Doña Targelia Verdezoto aliuza povu la makopo la kupuliziana wakati wa kanivali, sherehe za kabla ya Kwaresima, kwenye kona ya uwanja wetu tangu povu hilo lilipoanza kuletwa, na kabla ya hapo aliuza unga na mayai ya kurushiana. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuitia ng'ombe ng'ambo ya korongo, na kofia ya sufu ambayo hakuivua hata kanisani. Sijapata kuona mtu aliyependa biashara yake namna ile. Ukipita mbele ya meza yake ukiwa mkavu, alikupulizia povu masikioni, kisha akakuuzia kopo ulipize kisasi. Watu walivunjika mbavu, na walinunua.

Mimi huuza barakoa za karatasi. Kati ya meza yangu na yake alikaa Digna Yumbay na sufuria yake kubwa ya shaba ya kukaangia nyama ya nguruwe. Targelia alikuwa mama wa ubatizo wa binti wa Digna, kwa hiyo wawili hao waliitana komadre, na kwetu neno hilo hufunga watu kuliko damu. Walikula sahani moja, walinuniana asubuhi na kupatana kabla ya mchana. Digna hakujua kusoma. Barua ya shule, maelezo ya dawa ya mtoto, hata bili ya umeme, vyote alimpelekea Targelia, na Targelia alimsomea bila kuchoka.

Sasa niseme kilichonikera, maana mpaka leo kinanikera. Mji wetu uko chini ya mlima Chimborazo, na baridi ya Februari huku haina simile. Kopo likilala bandani, asubuhi linatoa povu kidogo kidogo kama mate ya mgonjwa, na mteja anarudi kukugombeza. Ndiyo maana wauzaji wa huku juu wana desturi ambayo watu wa pwani hawaijui: wanayaogesha makopo. Unaweka beseni la maji ya uvuguvugu, unayatumbukiza, unayatoa, unauza. Lakini Targelia hakuridhika na uvuguvugu. Beseni lake la bati aliliweka pembeni mwa jiko la kuni la komadre wake, juu ya makaa, na joto alilipima kwa kiwiko.

"Hicho kiwiko kimeota sugu," nilimwambia. "Siku moja kitakudanganya."

"Hermel, wewe ulizaliwa na mdomo wa matanga," alinijibu. "Vaa barakoa moja basi, tupumzike na hiyo sura."

Digna alicheka mpaka akajifuta macho kwa aproni. Mimi sikucheka. Kila beseni lile lilipoanza kutoa mvuke, nilirudi nyuma hatua moja.

Mwaka huo, Ijumaa ya kabla ya kanivali, alikuja mkaguzi wa masoko, bwana mpole mwenye koti la mvua. Targelia alimwona mapema, akalivuta beseni na kulisukuma kwa mguu chini ya meza. Mkaguzi alichukua kopo moja, akaligeuza huku na huku. Maandishi yote yalikuwa ya kigeni.

"Hapa pameandikwa nini, doña?"

"Povu, bwana mkubwa. Hata mbwa wa uwanjani wanajua."

"Gesi ya humu ndani inashika moto," alisema yule bwana bila kucheka. "Sheria inataka kila kopo liwe na alama ya mwali wa moto, na maneno ya lugha yetu: lisiwekwe juani wala karibu na moto, lisipate joto la kupita nyuzi hamsini, lisitobolewe wala kuchomwa hata likiisha. Na jina la aliyeliingiza nchini. Jumapili nitarudi. Nisipoyakuta maneno hayo, nabeba maboksi yote."

Maboksi hayo ndiyo yaliyokuwa chakula chake cha miezi mingi, na hofu ilimwingia waziwazi. Alikimbilia duka la kuchapishia, akarudi na karatasi za gundi zilizochapwa vizuri, zenye mwali mwekundu na maneno yote kama yalivyotakiwa. Jumamosi alikaa kubandika. Hazikushika. Manyunyu yalikuwa yakianguka, makopo yalikuwa ya baridi na yametoa jasho, na kila karatasi ilikunjika pembe na kuanguka matopeni. Targelia alilaani mvua, alilaani mchapishaji, akamlaani na marehemu mumewe. Kisha akajaribu kopo lililotoka kwenye beseni la moto. Alilifuta kwa kanga ya Digna ya kujitanda mgongoni, akabandika, akavuta kwa ukucha. Karatasi haikubanduka.

"Tazama, komadre! Imeganda kama kupe!"

Tangu hapo beseni halikutoka motoni. Kundi moja likitoka, jingine linaingia, na kopo lililopikwa ndilo lililopata karatasi ya kusema lisipikwe. Nilidhani macho yangu yananichezea. Nilikwenda nikasimama mbele yake.

"Targelia, soma basi hicho unachokibandika."

"Nimekisoma. Na nimekilipia."

"Kinasema lisiwekwe karibu na moto."

"Kinamwambia mnunuzi, Hermel," alisema, na alisema kwa moyo mweupe kabisa. "Mimi ni muuzaji."

Digna aligeuza nyama zake, akauliza, "Komadre, hizo karatasi zinasemaje?"

"Zinasema mali ni halali, komadre. Koroga nyama zako."

Nilimwita Targelia mjinga mbele ya watu, kwa sauti, na sijutii. Aliniambia nikauze sura yangu kwingine. Nikabeba meza yangu mpaka upande wa pili wa uwanja, karibu na ngazi za kanisa, na Digna akanipungia mkono kwa mzaha, akiniomba nisimsahau.

Jumapili uwanja ulifurika. Magitaa, ngoma, watu weupe kwa unga, nyimbo za kutaniana mlango kwa mlango. Foleni ya nyama ya Digna ilizunguka chemchemi ya katikati ya uwanja. Mkaguzi alikuja kama alivyoahidi, akaokota kopo hili na lile, akatabasamu; beseni, lililozibwa na foleni ya nyama, hakuliona. Nilimwona akimpa Targelia mkono. Kisha akaomba kuona na maboksi yaliyokuwa nyuma ya banda, na Targelia, kifua mbele kwa fahari, akalipa jiko kisogo.

Foleni ilikuwa ikilalamika. Digna aliinama, akasukuma kuni jikoni, nyingi, ili mafuta yapate moto upesi. Miali ilitambaa mpaka chini ya beseni. Nikiwa juu ya ngazi za kanisa niliona maji yakichemka na makopo yakigongana. Nilipiga kelele, "Digna! Ondoka hapo! Digna!" Magitaa yakanimeza. Msichana mmoja alidhani naimba, akanijaza povu mdomoni, wenzake wakashangilia. Nilikuwa bado natema nilipousikia mlipuko.

Watu walicheka mwanzoni, wakidhani ni fataki. Kisha ukaja mwingine, na turubai likapanda juu likiwaka, na sufuria ya shaba ikapinduka. Targelia alitoka nyuma ya banda akapita katikati ya moto kama haupo, akamvuta komadre wake kwa mikono yote miwili. Nilipofika, uso wa Digna sikuweza kuutazama.

Katika Kwaresima niliwapelekea supu. Digna alikuwa amerudi nyumbani kutoka hospitali, amefungwa bandeji machoni, na daktari alikuwa ameshamwambia asitegemee kuona tena. Targelia alikaa kando ya kitanda, mikono yake imezongwa vitambaa mpaka kwenye viwiko. Alikuwa amehamia pale, analala chini.

"Komadre," Digna alisema, "zile karatasi zako zilisemaje? Nisomee kama unavyonisomea siku zote."

Targelia hakuhitaji karatasi. Aliyajua maneno yote kwa moyo.

"Gesi hii hushika moto," alianza. "Usiliweke kopo juani. Usiliweke karibu na..."

"Malizia."

"Karibu na moto, komadre."

Digna aliupapasa mkono wa Targelia juu ya vitambaa, polepole, bila kuubana.

"Kuni niliziongeza mimi," alisema. "Ungenisomea hilo moja tu, nisingeziongeza."