Kuringia Sheria

Bi. Loretta Wozniak alichora mabango ya maduka ya Pittsburgh mpaka alipostaafu. Uzeeni macho yakamtupa mkono, na jengo letu la wazee lina milango ya kijivu mitupu. Mara mbili aliingia kwangu akidhani ni kwake. Mara ya pili nilikuwa nimevaa taulo. Hakuomba hata radhi, alisema tu kwamba supu yangu inanukia.

Basi akaupaka mlango wake rangi nyekundu, rangi pekee aliyoiona vizuri kutoka kwenye lifti.

Msimamizi wetu, Bwana Gundlach, kijana wa tai na haraka nyingi, akabandika onyo: mlango usiporudishwa kijivu kufikia Jumatatu, mama ahame. Sababu? Alikusudia kuandika kwamba anazi-*flout* kanuni, yaani anazikaidi mchana kweupe. Akaandika *flaunt*, yaani anaziringia, kama mtu na koti jipya. Maneno hayo ya Kiingereza yanakaribiana kwa sauti, na kwetu Marekani hata watangazaji hujikwaa hapo.

Nilimsomea Bi. Loretta onyo hilo. Niliogopa sana, maana bila yeye ghorofa yetu ingekuwa kaburi. Mwenyewe akacheka mpaka akashika ukuta.

"Ati naringia sheria? Nishikie ngazi, wee mzee!"

Jumatatu Gundlach alikuta kanuni imechorwa juu ya ule wekundu kwa herufi za dhahabu, zenye vivuli na mikia: MILANGO YOTE IWE YA KIJIVU. Macho yalishindwa, lakini mkono ulikuwa haujasahau.

"Ndiyo nini hii, Bi. Loretta?"

"Si umesema naziringia, mwanangu? Haya, naringa. Au ulitaka neno jingine?"

Gundlach akalisoma onyo lake upya. Masikio yakamwiva.

"Mama wa watu haoni!" nikapayuka kutoka mlangoni kwangu. "Unataka anifumanie na taulo mpaka lini?"

"Sikujua ni macho," Gundlach akasema taratibu. "Nilidhani ni ukaidi."

"Ukaidi nao upo," Bi. Loretta akajibu. "Ila macho ndiyo yaliyoanza."

Kijana akacheka, akalegeza tai. "Hilo neno la mwisho linafutika?"

"Rangi bado mbichi."

"Lifute."

Akalifuta kwa kitambaa. "Niandike rangi gani?"

"Pabaki wazi. Kila mtu ajaze yake."

Tangu hapo Bi. Loretta ana foleni ya wateja. Mlango wangu ameupaka manjano. Bado huja kwangu kufuata supu, lakini siku hizi hubisha hodi kwanza.