Kiganja Kwenye Bati

Mpakiaji wa risasi katika kikosi chetu cha ndege hana haraka na kitu. Saa na pete huzivua na kuziacha mbali, kisha, kabla hajagusa kasha lolote la risasi, hubandika kiganja kwenye bati tupu la ndege na kutulia, kama anayempima mtoto homa. Anautoa mwilini umeme ule mdogo unaojificha kwenye nguo, usije ukarusha cheche penye baruti.

Siku moja kasha lilimponyoka rubani, mume wa dada yake mpakiaji, aliyekuja kusaidia ili wawahi kuondoka. "Halina hata mkwaruzo, shemeji. Pakia twende!" Mpakiaji akalifunga kitambaa chekundu, akalipeleka mbali na ndege, taratibu, kwa mikono miwili.

"Likianguka halipandi mpaka likaguliwe."

"Utatuchelewesha mpaka tuote mvi!"

"Oteni tu. Dada anataka kuziona."

Rubani akaguna, akacheka kidogo, akainamia kasha jingine. Mikono ikasita hewani. Akajinyoosha, akabandika kiganja kwenye bati, akageuka kumtazama shemeji yake.

"Bado," akaambiwa. "Tulia kwanza."