Breki za Nyumba Mbili

Mpwa wangu Kadzo Nzai akikasirika hapigi kelele. Hunyamaza, hukunja mikono ya shati mpaka juu ya viwiko, na hapo mwenye akili hukumbuka kwamba ana shughuli kwingine. Hasira hiyo ameitoa kwetu, upande wa mama yake, ambaye ni dada yangu. Urefu ni wa baba yake. Sura nzuri ni ya kwetu pia, nani atabisha?

Kazi yake ni udereva. Huku kwetu nyuma ya Samburu, hii ya pwani, barabara ikiwa mchanga upande huu na mawe upande ule, Kadzo huendesha Landrova kuukuu yenye umri wa kumzidi, imejaa mbuzi, mahindi, mitungi ya maji na watu waliokalia hivyo vyote. Hupita Kinango, hupanda Kwale, hushuka mteremko wa Golini, akawafikishie wachinjaji wa Ukunda mbuzi wao. Mzungu anayekula nyama ya kuchoma pale Diani hajui kwamba nyama ile imeletwa na mpwa wangu. Udereva alifundishwa na marehemu baba yake, Nzai, na pale Nzai alipokwama nilimalizia mimi. Nimeendesha malori kutoka bandarini Mombasa mpaka Malaba. Shule niliacha darasa la tano, baada ya mimi na mwalimu kutoelewana juu ya hesabu za kugawanya. Lakini niwape gari, ninyi wenye vyeti, tuone nani atalirudisha nyumbani.

Landrova hiyo Nzai aliinunua kwa watu wa mradi wa maji walipofunga virago. Alipokufa aliacha wake wawili. Nyumba kubwa ikasimamiwa na mwanawe Chirau, mtu wa shati jeupe hata zizini. Nyumba ndogo, ya dada yangu, ikasimamiwa na Shutu, ndugu yake Kadzo wa tumbo moja, mtu ambaye kila jambo lake ni kesho. Kadzo ni binti, kwa hiyo hakuhesabiwa. Alipewa ufunguo, kama mtu anavyopewa jembe akalime shamba la mwenzake.

Basi wale mabwana waliigawa Landrova kama inavyogawanywa nyama ya mbuzi, kila mtu na paja lake. Upande wa kulia wa nyumba kubwa, upande wa kushoto wa nyumba ndogo. Tairi la kulia likipasuka, anunue Chirau. Taa ya kushoto ikizimika, Shutu atafute. Kioo cha mbele kilipata ufa katikati, wakakaa kikao kutwa nzima, na ufa uko pale mpaka leo.

Ujinga huo uliwafaa kwa miaka. Kisha zikaja breki.

Breki zake zilikuwa za zamani, za dramu, ambapo viatu vya breki hujitanua ndani ya chungu cha chuma. Ukivuka mto zinalowa, na ukikanyaga ni kama umekanyaga uji. Kadzo alizoea kuzipampu, kukanyaga na kuachia, tangu mbali. Siku moja akishuka Golini na mzigo kamili, alipampu mpaka goti likalia, na mbele yake kulikuwa na akina mama wanavuka na ndoo za maembe. Aliitupa gari kwenye ukingo wa udongo. Mbuzi wawili walivunjika miguu, akina mama wakapona, na ndoo zikabaki barabarani.

Alirudi nyumbani akasema neno moja tu. "Sishuki tena Golini na dramu hizi."

Alikuwa ameshazungumza na Mwanzia, fundi Mkamba pale Kona ya Musa. Mwanzia alikuwa na breki za mbele za diski kutoka Landrova changa iliyopinduka. Diski ni ile sahani ya chuma inayobanwa pande mbili na pedi. Ikilowa hukauka upesi. Huwekwa pamoja na masta silinda yake, pampu ya mafuta ya breki, ili nguvu ya mguu ifike magurudumuni.

Kikao kikaitwa. Mimi mjomba nilikaa kando, kwa kuwa mali ya akina Nzai si yangu kuisemea, ila mdomo wangu haujawahi kujua mpaka. Hakuna aliyekataa breki mpya. Waliamua, kwa sauti za watu wenye busara, kwamba nyumba kubwa itoe mbuzi inunue diski ya kulia, na nyumba ndogo inunue ya kushoto.

"Pedali ni moja, waungwana," nikasema. "Kadzo akanyage mara mbili?"

"Mjomba, haya ni ya kwetu," Chirau akanijibu, akapangusa shati lake.

Haya. Kadzo akaenda matangani Mackinnon Road. Huku nyuma Chirau akauza mbuzi wake, na Shutu akasema mbuzi wake wana mimba, wangojewe. Chirau hangojei. Sifa zinamwasha kama upupu. Akaichukua Landrova mpaka Kona ya Musa na kumwambia Mwanzia afunge ya kulia.

Mwanzia mwenyewe alinihadithia. "Nikamwambia, mzee, hiyo kazi siwezi fanya. Utaua watu. Leta pesa ya zote mbili ama urudi na gari yako. Akaniambia nimuuzie hiyo moja, fundi wako wengi. Nikamuuzia."

Na kweli wako wengi. Chirau alimpata mmoja kando ya barabara aliyeifunga, akaacha masta silinda ile ile ya zamani, na kumpigia saluti juu yake.

Kadzo aliporudi aliizunguka Landrova mara moja. Akainama kwenye gurudumu la kulia, akainama kwenye la kushoto. Akakunja mikono ya shati.

"Kaka Chirau, panda. Shutu, panda nawe."

Wakakaa mbele pamoja naye. Mimi nilisimama nyuma nimeshika bomba, kama mheshimiwa anayeomba kura. Akaipeleka kwenye uwanja mtupu mbele ya boma, akaongeza mwendo kidogo, si sana, akakanyaga breki.

Wallahi ile gari iligeuka kama mtu aliyeitwa jina! Upande wa kulia ulishika, wa kushoto ukaendelea na safari, na sote tukaingia mzima mzima kwenye zizi la Chirau, miiba, mbuzi na vumbi. Kofia yangu ilivaliwa na mti.

Chirau alikuwa wa kwanza kusema. "Dereva hasa angeunyoosha usukani."

"Umezifunga ili nisimame, au ili uonekane?" Kadzo akamwuliza polepole.

"Mimi nimefunga za upande wangu. Mwulize ndugu yako, za kwake ziko wapi?"

Shutu, amejaa miiba begani, akacheka! "Upande wangu umekwenda sawa, hamkuona? Uliovuta ni wa kulia."

Nilitamani kuwapiga wote wawili kwa kofia, kama ingekuwa kichwani. Watu wazima, wenye wake na watoto, wanabishana upande upi wa gari umekosea, na anayeishikilia njiani ni dada yao.

"Nikifa Golini," Kadzo akasema, "mtanigawa pia? Huyu achukue mkono wa kulia, huyu wa kushoto?"

Chirau akashuka, akajichomoa mwiba. "Kama unaogopa, lete ufunguo. Yule dereva Chome anatafuta kazi. Kesho ataiendesha hivyo hivyo."

Hilo ndilo lililoniuma. Miaka yote hiyo ya jua na mchanga, na ukitaka breki tu, unaambiwa lete ufunguo. Kadzo hakuutoa. Alikwenda ndani akatoka na jeki na spana, akafungua magurudumu yote mawili ya mbele, akaikalisha Landrova juu ya mawe, akayaviringisha matairi mpaka chumbani kwa mama yake. Dada yangu akaweka kiti juu yake, akakaa.

Chome alikuja asubuhi kwa bodaboda. Akaitazama gari, akamtazama dada yangu kupitia mlangoni, juu ya matairi yake. "Shikamoo mama. Kumbe hapa mnaendesha mawe?" Akarudi kwao.

Mbuzi wa Ukunda wakabaki zizini wakila majani ambayo hayapo. Wachinjaji wakapiga simu, wakatukana, wakaacha kupiga. Chirau akasema ni shauri ya Shutu. Shutu akasema kesho.

Kadzo alikuwa na mtamba mmoja, mwekundu, wa uzao wa ng'ombe aliyepewa na baba yake akiwa msichana. Ndiye ng'ombe wake peke yake, na alikuwa na mimba ya kwanza. Kila jioni alimsugua mgongo akimpangia mambo ya mbele. Akamwuza. Sikumshauri, wala hakuniuliza. Nilimwona tu akirudi na kamba tupu, uso umekauka kama mto wa Januari. Siku ile hata mimi sikupata mzaha wa kumfanyia.

Mwanzia akapanda kwetu mwenyewe na diski ya kushoto, masta silinda na mipira mipya ya breki. Akaifungua na ile ya kulia, akalaani kazi aliyoikuta, akafunga zote upya. Shutu aliyatazama yale akasema, "Alhamdulillahi, hatimaye nyumba ndogo imemaliza sehemu yake." Kadzo alimrushia spana. Ilimkosa, kwa bahati mbaya.

Safari ya kwanza nilipanda ili nijaribu breki, maana jicho la mkongwe halilipiwi. Chirau naye akaja na mbuzi wake, akakaa mbele dirishani, shati limepigwa pasi, mimi nimebanwa katikati. Tukapita Kinango, tukavuka mto, maji yakafika vitovu vya magurudumu. Tukaanza kushuka Golini. Katikati ya mteremko, hakuna kitu mbele, Kadzo akakanyaga.

Landrova ilisimama imenyooka, mbuzi wote wamelundikana nyuma ya kiti, wanalia.

Chirau akavuta pumzi, akapapasa shati. "Naona upande wangu umeshika vizuri."

Kadzo akazima injini. Akavuta breki ya mkono.

"Shuka."

"Kadzo, mimi ni kaka yako mkubwa."

"Ndiyo, kaka. Shuka. Mbuzi wako nitakufikishia."

Chirau akanitazama mimi, mtu mzima, mjomba, nisuluhishe. Nilisuluhisha. Nilimfungulia mlango, na alipokanyaga chini nikasogea nikakaa dirishani pake, penye upepo.